Mlionipa pole kwenye Coaster ya Pangani, njooni mchukue hela zenu

Haya. Nilinyamaza nikidhani yatapita. Hayapiti. Leo asubuhi nimekwenda kununua mbaazi na mahamri, muuzaji kanitazama, katazama chini, kisha kamnong'oneza mwenzake: "Ndiye huyu wa hema." Hapo nikajua Saumu, mwenzangu wa safari ile, ameshafika na hadithi yake mpaka kwa wapika mbaazi.

Basi acheni nisimulie mwenyewe, kabla toleo lake halijafika Horohoro likavuka mpaka bila pasipoti. Kwanza, sikulia. Pili, sikupiga kelele "nyumba yangu, nyumba yangu." Tatu, ile nguo ya rangi ya chungwa nitaieleza wakati wake ukifika, msiniwahishe.

Wanaonijua wanajua mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa Tanga mjini. Mitumba huwa sinunui kuvaa, nanunua kuchinja. Jaketi la Ulaya lililochoka bado lina zipu nzima, bitana nzima, vifungo vizima, na zipu hiyo ukiiweka kwenye sketi ya mteja itaishi kuliko sketi yenyewe. Zile mpya za dukani siku hizi zinang'oka meno mteja akiwa bado ukumbini, halafu anayetukanwa ni fundi. Kwa hiyo wakifungua belo tu pale nyuma ya soko la Mgandini, mimi nimeshainama.

Siku hiyo, kwenye rundo la "chagua mwenyewe, mama, chagua", nikaona kitu cha duara, bapa, upana wake ni sinia la pilau la watu sita. Nailoni ya samawati, zipu nene imekizunguka. Nikakishika, kikanisukuma. Wallahi kilinisukuma mkono, kana kwamba ndani mna mtu. Nikamuuliza kijana, hiki nini? Akasema kinga ya jua ya kioo cha gari. Mwenzake akasema hapana, kitanda cha mbwa, Wazungu wanapenda sana mbwa. Wa tatu, yule anayejifanya anajua kila kitu, akasema parachuti. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye zipu. Akataka buku tano, tukamalizana kwa tatu, nikakipachika kwapani nikaondoka haraka asije akabadili mawazo.

Nyumbani nikasimama kati ya kitanda na cherehani, nikafungua zipu. Hata bismillahi sikuimaliza. Kitu kiliruka, kikapiga taa, kikaangusha kalenda, na nilipofumbua macho nilikuwa nimebanwa ukutani na hema. Hema zima, limesimama wima, lina mlango, lina dirisha la chandarua. Hujachomeka nguzo, hujafunga kamba. Baadaye nimekuja kuelewa kwamba ndani ya pindo lake wamepitisha vijiti vyembamba vinavyonyumbuka, wakavipinda, wakaviminya mle mfukoni, navyo vinakaa humo vinasubiri. Ukivifungulia, vinarudi kwenye umbo lao. Lebo inasema kufungua ni sekunde 2. Ya kufunga, lebo imenyamaza. Tutafika huko.

Sasa, kwa akili zangu za kila siku ningechukua mkasi. Zipu ya mfuko, zipu ya mlango, chandarua kizuri vile! Na mfuko nikauchinja kweli, zipu yake iko kwenye jaketi la mteja hivi tunavyoongea. Lakini kabla sijafika kwenye hema lenyewe, nikavua kandambili nikaingia. Sijui kwa nini. Nikakaa kitako humo, mwanga wa samawati umenijaa mikononi, kelele za Ngamiani zimehamia mtaa wa pili. Pembeni mlikuwa na mfuko mdogo umeshonwa (mshono mzuri, mistari miwili, aliyeushona anajua kazi). Nikaingiza kidole, nikatoa mchanga. Mchanga mweusi. Si uchafu: mchanga, chembechembe, mweusi tii.

Mimi nimezaliwa na bahari hii. Mchanga wa Raskazone naujua, wa Mwambani naujua, mweusi namna ile haupo. Nikaufunga kwenye karatasi nikampelekea jirani yangu anayefundisha jiografia. Akavaa miwani, akaniambia mchanga wa aina hiyo ni wa pwani zenye volkano: lava ikiganda, bahari inaisaga mpaka inakuwa hivyo. Aislandi upo, Visiwa vya Kanari upo. Kisha akaongeza kwa kupita tu, ameshageukia madaftari yake, kwamba hata Ngazija kule Comoro upo, kwa sababu ya ule mlima Karthala.

Ngazija asingeitaja.

Marehemu baba alikuwa baharia wa jahazi. Pemba, Mombasa, Lamu, na kuna misimu walifika Ngazija. Akirudi alikuwa na halua kwenye kikapu na ahadi ileile: ukikua nitakuchukua. Nikakua. Majahazi yakapungua, baba akazeeka, mimi nikakalia kigoda cha cherehani, nikaolewa, nikaachwa, na safari yangu ndefu imekuwa Muheza kununua machungwa. Nashona kanzu za watu wanaokwenda Umra. Nashona magauni ya watu wanaokwenda fungate Unguja, wanarudi na picha, wananionyesha nguo yangu imefika wapi. Na sasa hema la elfu tatu, limetoka kwenye rundo la mashuka yaliyochanika, limelala kwenye mchanga wa volkano. Hema limetembea kuliko mimi.

Usiku ule nililala humo. Chumbani mwangu, pembeni ya kitanda changu. Chekeni tu.

Kwa Ngazija hela zangu hazikufika, zikafika Pangani. Mpango ulikuwa mzuri na bado nasimama nao: Coaster mpaka Pangani, kivuko mpaka Bweni, bodaboda mpaka Ushongo, tunasimika hema ufukweni, kesho yake tunatafuta chombo cha kutupeleka Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mtupu ambacho maji ya bamvua yakijaa kinamezwa chote. Nilitaka kusimama mahali ambapo saa chache baadaye hapapo. Nikamchukua Saumu kwa sababu kati ya wote niliowaambia, ni yeye tu ambaye hakuniuliza "kufanya nini?"

Hema lilikunjwa na mtoto wa jirani, wa darasa la 6. Alilikalia, akalipindua, akalitukana kidogo, mara likaingia. Nikamuuliza umefanyaje. Akasema hajui. Ndani yake nilikuwa nimeshatandaza nguo zangu za ufukweni ili mzigo uwe mmoja, na kwa kuwa mfuko sina tena, nikalibana kwa utepe wa kitambaa, fundo la kuteleza, lile la kamba za viatu.

Na utepe ulitoka kwenye sare. Hapa mafundi wenzangu msogee karibu, wengine mnaweza kwenda kunywa maji. Nilikuwa na sare za harusi ya ukoo mmoja mkubwa, harusi yenyewe Ijumaa, kitambaa cha zambarau chenye maua ya dhahabu, magauni 14. Mengine nilikuwa nimeshashona. Mengine nilikuwa nimekata. Mengine nilikuwa nimeyafikiria. Utepe ni pindo lililobaki, na kila fundi duniani anabakiwa na pindo, atakayebisha alete kitambaa chake nimwonyeshe.

Asubuhi ya safari simu yangu ikaita nikiwa bafuni. Saumu akapokea. Hakuniambia.

Tukapanda Coaster, tukapata viti vya katikati, hema pajani mwangu. Ng'ambo ya njia alikaa mzee mmoja wa Kigombe, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono, mtu wa heshima zake. Nyuma yetu mvuvi, nyuma ya mvuvi mama mwenye tenga la kuku. Gari linataka kutoka, akapanda Mama Mkubwa.

Huyu ni mama mkubwa wa bi arusi. Ndiye aliyeniletea kitambaa, ndiye anayepiga simu. Nikajiandaa na wimbo wetu, "bado vifungo tu, mama", mdomo umeshafunguka. Sikupata nafasi. Alinivamia, akanikumbatia na hema langu.

"Pole sana, mwanangu. Nimepata habari asubuhi hii."

"Shikamoo, mama. Pole ya..."

Saumu akanifinya paja. Alama bado ipo, anayetaka ushahidi aje, wanawake tu.

"Tumeshapoa, mama," akajibu Saumu kwa niaba yangu. "Ila shangazi yake ndiye aliyemlea."

Ndipo nilipojua kwamba nimefiwa.

Mama Mkubwa akakaa kiti cha pili ng'ambo ya njia, pembeni ya mzee. Mzee akageuka. Nani amefariki? Shangazi yake, Pangani. Pangani wapi, maana yeye Pangani anaijua nyumba kwa nyumba. Saumu akasema Bweni. Bweni ipi? Mbele ya Bweni. Ushongo? Hapohapo, mzee wangu. Anaitwa nani? Kimya. Mimi shangazi sina, baba alizaliwa peke yake. Nikageuza uso dirishani kutafuta jina kwenye mikonge, na gari zima likaelewa kwamba uchungu umenizidi kulitaja. Mama wa kuku akaanza kufuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Alikuwa anaumwa?"

"Ghafla," akasema Saumu. Na hapo hakudanganya. Shangazi alikufa nikiwa najipaka sabuni.

Mzee akavua kofia, akaizungusha. Sasa hili Saumu halisemi: nilikataa. Nilikataa kwa mdomo na kwa mikono, na nilivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kusema masikini, ana haya. Mia tano, elfu, mia tano. Konda akaturudishia nauli. Konda! Nioneshe lini umewahi kuona konda anarudisha nauli akiwa na akili zake. Hapo nikaanza kuogopa kweli, maana jambo likishamtoa konda machozi halirudi nyuma. Mzee akatangaza kwamba Kigombe hashuki, atakwenda nasi mpaka maziko. Mvuvi akasema naye yumo, mawimbi ya leo hayamridhishi hata hivyo. Mama Mkubwa akatoa simu awaite ndugu zake wa Pangani mjini watukute kivukoni. Hatujafika hata Tongoni, msafara wa maziko umetimia, unakosa marehemu tu.

Kisha mzee akasema, tumwombee dua. Dereva akazima redio. Viganja vyote juu. Mimi macho chini, mikono imelikumbatia hema. Na Mama Mkubwa, viganja vimenyooka, midomo inacheza, akafumbua jicho moja.

Hapa twende polepole.

Jicho lilitua kwenye vidole vyangu. Likashuka kwenye utepe. Likakaa hapo. Nililiona linasoma: zambarau, dhahabu, zambarau. Akaegemea mbele ya mzee, taratibu, asimkatize.

"Amin," akasema na wenzake. Kisha kwa sauti ya tumboni: "Fundi. Hiki si kitambaa chetu?"

"Ni pindo tu, mama."

"Pindo la gauni la nani? La kwangu hata kunipima hujanipima."

"Amin," nikasema mimi, kwa nguvu.

Akanyoosha vidole viwili. Mnavijua vile vidole vya mwanamke aliyenunua vitambaa maisha yake yote, havigusi, vinahoji. Vikashika ncha ya utepe vipime uzito. Nikasema, "Mama, tafadhali, usi..." Akavuta.

Fundo la kuteleza halina ubishi. Utepe ulitoka wote, ukabaki mkononi mwake. Na kwa kitambo hivi hakikutokea kitu. Nakumbuka nilipumua. Nakumbuka Saumu aliniangalia. Nakumbuka pia mzee alikuwa amefika pale anapomwomba Mola amfanyie marehemu wepesi, amwangazie kaburi lake, alipanue.

Likapanuka.

Ulianza upande wa kushoto: ulinipita puani, ukampata Saumu shavuni paa, na hilo ndilo kofi pekee la siku ile lililofika lilikostahili. Upande wa kulia ukavuka njia, ukamrudisha Mama Mkubwa kitini kwake, utepe wake mkononi. Halafu likainuka. Likagonga dari, likakosa pa kwenda, likashuka kwa hasira, likachukua kiti cha mvuvi na mvuvi, likaenda mbele likamfunika konda aliyesimama mlangoni. Na ndani ya sekunde hizo 2 za kwenye lebo mimi niliona, kwa macho haya, nguo zangu za ufukweni zikitoka mlangoni mwa hema moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote. Mtandio. Kofia pana ya ukili, ikaelea, ikatua juu ya tenga, kuku wakanyamaza. Na ya mwisho ile ya rangi ya chungwa.

Haya, nguo. Ni vazi la kuogelea. La mtumba. La kipande kimoja, jamani, na ningelivaa ndani ya dera, usiku, Saumu akichunga njia. Nililinunulia elastiki yake. Lilitoka limekunjuka lote, mikanda miwili imenyooka, likavuka njia likamfuata yule mzee, ambaye mpaka hapo alikuwa bado kafumba macho, viganja juu, vinapokea.

Vikapokea.

Akafumbua macho. Akaliangalia. Akaligeuza upande wa pili, akaliangalia tena. Kisha akaniuliza kwa upole, upole ambao mpaka leo unaniamsha usiku:

"Mwanangu, hii ndiyo sanda?"

Hakuna aliyecheka. Natamani wangecheka. Kutoka ndani ya hema ikasikika sauti ya konda, "Suka, simama! Suka, nimeingiliwa!" Dereva alikuwa ameshaona kwenye kioo kwamba gari lake limejaa kitu cha samawati hakijalipa nauli, akakanyaga breki, na hema na konda wakaenda mbele pamoja.

Mlango umezibwa. Watu wakatokea mlango wa dereva, wengine madirishani, kuku wakatangulizwa. Nje, barabarani, Mama Mkubwa akasimama katikati akaanza kuorodhesha kwa vidole: hema, kofia ya jua, nguo ya uchi, na kitambaa cha watu. "Maziko gani haya?"

"Hema ni la wafiwa kulala," akasema Saumu.

Niwaambie ukweli, nikaona watu wawili watatu wanaanza kutikisa kichwa, wanakubali. Saumu angekuwa mbunge huyu. Ila mzee akauliza tena, taratibu, jina la marehemu, na tukamjibu wote wawili kwa pamoja. Yeye akasema Mwanaisha. Mimi nikasema Fatuma.

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema kwao Kigombe wavuvi wamewahi kumvua silikanti, samaki ambaye wataalamu walikuwa wameshamwandika amekufa tangu enzi za dainosaria, mpaka mwaka 1938 alipoonekana Afrika Kusini, kumbe yuko hai anaogelea zake. "Hayo nimeyaona," akasema. "Lakini shangazi aliyekufa kabla ya kuzaliwa, huyu wako ndiye wa kwanza." Akanikabidhi lile vazi, amelikunja mara nne vizuri, akaenda kukaa kivulini.

Kulitoa hema kwenye gari ilibidi likunjwe. Na kulikunja, ndugu zangu, ni elimu. Mvuvi akasema tupisheni, yeye anakunja matanga ya ngalawa tangu mtoto. Akalikumbatia, akalipigia goti, akaligeuza. Likamtupa kwenye viti vya nyuma. Wakaingia vijana wawili wakalikalia, likawainua. Kuna picha pale kwenye lebo, vikatuni vinalipinda hema kwa umbo la nane, vinatabasamu. Navichukia vile vikatuni. Fundi baiskeli mmoja aliyekuwa anapita zake akasimama akatoa ushauri, akawekwa mbele aonyeshe, naye akashindwa, akapanda baiskeli yake akaondoka bila kuaga. Mwisho wakalisukuma kwa mabega, likapita dirishani limebinuka, na lilipofika nje likasimama lenyewe kando ya barabara, mlango wazi, linakaribisha.

Konda akaja kuchukua nauli yake. Gari likaondoka. Tukabaki mimi, Saumu na nyumba.

Kwa wasiopajua Tongoni, kiasi cha kilomita 20 kusini mwa mji: pana magofu ya msikiti wa kale wa Waswahili na makaburi zaidi ya 40, mengine yana nguzo zake za mawe mpaka leo. Kwa hiyo msiseme tulidanganya kila kitu. Makaburini tulifika.

Jirani yangu wa jiografia jana alikuja kunifariji. Akasema Vasco da Gama alipopita pwani hii mwaka 1498, merikebu yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya huku kwetu, wakainasua. Mwaka 1499 akirudi kutoka India, mabaharia wamepungua hawatoshi vyombo vyote, akaichoma moto hukuhuku akaendelea na zilizobaki. Yaani wasafiri wakubwa wameshaacha vyombo vyao pande hizi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kiberiti. Mimi niliomba Tongoni nzima, Saumu akawaambia wasinipe.

Kurudi sitaki kueleza sana. Kenta ya madafu, hema juu ya madafu, sisi juu ya madafu tumelishika lisiruke, na dereva badala ya kuzunguka akatupitisha Ngamiani katikati wakati watu wanatoka kuswali alasiri. Picha mnazo. Naomba tu ile yenye alama za kulia mtu aitoe.

Sasa hela. Zilibaki kwenye mkoba wa Saumu: zilikuwa 18,700, ni 17,200 baada ya mishikaki aliyosema ni ya kutuliza moyo. Mama wa kuku, elfu moja yako ninayo, na kofia ya ukili kama bado iko kwenye tenga kaa nayo. Mvuvi, njoo na mkono wako tuuone. Mzee wangu wa Kigombe, yako nitaileta mwenyewe, kwa miguu ikibidi, lakini si na Saumu.

Sare nimezimaliza. Nimekesha, sindano imenitoboa, ila zimekamilika na vifungo vyake. Hema limegoma kukunjika, mtoto wa jirani kajaribu amesahau, kwa hiyo limesimama kwenye chumba cha kushonea na wateja wanajaribishia nguo humo. Wanalisifia. Jana Mama Mkubwa akaja kuchukua mzigo. Akakagua pindo moja moja, hakunisemesha. Akatoa ule utepe kwenye pochi, akaniambia nimshonee mkanda nao. Nikashona. Akachukua gauni lake, akaingia hemani kulijaribu, akafunga zipu.

Akakawia. Nikadhani gauni limembana, naanza kutunga maneno. Mara sauti ikatoka ndani, ya chini, si ile ya simu.

"Fundi. Hili linaingia watu wangapi?"

"Lebo inasema watatu, mama."

Kimya. Nikasikia anajigeuza, anakaa vizuri.

"Na huyo wa Maziwe, mwenye chombo, anachukua kiasi gani?"

Nikamwambia sijui, tungeuliza tukifika.

"Basi harusi ipite kwanza," akasema. "Ila Saumu abaki."